Mwezi kuwa yai si tatizo, tatizo ni tani zake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niijibu makala ya ukurasa wenu wa burudani iliyodai kwamba anayetafuta makosa katika tamthilia za kubuni za kisayansi anajisumbua bure, kwa kuwa aliyekwisha kukubali chombo kinachosafiri katika wakati hana haki ya kulalamikia jambo jingine lolote. Mimi naona kinyume chake. Mtazamaji hukubali ajabu moja au mbili mwanzoni mwa kisa, na kwa kuwa amezikubali, ana haki ya kudai kwamba yanayofuata yaheshimu masharti aliyoyaweka mtunzi mwenyewe.

Chukulia “Kill the Moon”, sehemu ya tamthilia ya Uingereza iitwayo Doctor Who iliyorushwa Oktoba 2014. Kisa chake ni cha mwaka 2049. Mwezi umeongezeka uzito, bahari zimefurika, na wanaanga wachache wamepelekwa huko na mabomu ya nyuklia, ambako inagundulika kwamba Mwezi ni yai linalokaribia kuanguliwa. Wazo hilo silipingi hata kidogo, nalipenda. Lakini Doctor, mhusika mkuu anayesafiri katika wakati, anatamka kwamba Mwezi umeongezeka tani bilioni 1.3, na kuanzia hapo hesabu inakataa. Tungamo la Mwezi ni takribani tani bilioni 73 zikizidishwa mara bilioni moja, hivyo nyongeza hiyo haifiki hata sehemu moja katika bilioni 50. Mwamba wa uzito huo ungeenea katika mchemraba wenye upande usiofika mita 800, kilima ambacho kikiwekwa kando ya Mlima Meru wageni wangeweza kupita bila kukiuliza jina. Hata hivyo wahusika wanatembea juu ya Mwezi kana kwamba wako duniani, jambo ambalo, kwa Mwezi wenye ukubwa uleule, lingehitaji tungamo lake liwe karibu mara sita ya lilivyo sasa. Likiwa mara sita, nguvu ya Mwezi katika kujaa na kupwa kwa bahari nayo ingekua mara sita, na hapo mafuriko yanayosimuliwa yangeeleweka vizuri kabisa, kwani watu wa Dar es Salaam, ambako hata leo maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, wangelazimika kuhama. Kwa maneno mengine, kisa kilihitaji namba kubwa mno, na mtunzi akachukua iliyosikika kubwa masikioni.

Hata tukiisamehe namba, uzito wenyewe umetoka wapi? Yeyote aliyewahi kutumia mashine ya kutotolesha vifaranga anajua kwamba yai hupungua uzito kadiri siku zinavyokwenda, kwa sababu hupoteza maji kupitia ganda. Kisha kiumbe kinatoka, na muda mfupi baadaye kinataga yai jipya lenye ukubwa wa lile kilimotoka. Sababu si ngumu kuiona: tamthilia ilihitaji Mwezi uwe mahali pake katika sehemu zinazofuata. Huo ni urahisi wa ofisi ya utayarishaji uliovikwa nguo za biolojia, na kwangu ndio mwanya mkubwa kuliko yote. Wale bakteria wakubwa wanaofanana na buibui, wanaouawa kwa dawa ya kupulizia ya jikoni, nawaacha.

Siwezi kuiacha kura. Wakazi wa dunia wanapewa dakika 45 waamue: anayetaka kiumbe kiuawe azime taa, anayetaka kiishi aziache zikiwaka. Anayetazama kutoka Mwezini huona upande mmoja tu wa dunia, na taa zinaonekana pale tu palipo usiku. Arusha ikiwa saa tatu usiku, New York ni mchana kweupe, na kwa dakika 45 dunia huzunguka nyuzi 11 tu. Basi sehemu kubwa ya wanadamu haikupiga kura kabisa, ingawa taa zinapozimika kisa kinaichukulia picha hiyo ya giza kuwa uamuzi wa dunia nzima. Kwetu sisi tuliozoea umeme kukatika bila taarifa, kuna wananchi wengi ambao wangehesabiwa kuwa wamekihukumu kiumbe kifo wakiwa bado wanatafuta mshumaa.

Kwa haki, si kila kinachoitwa kosa ni kosa. Wapo wanaolalamika kwamba mwaka 2049 binadamu hawana chombo cha anga isipokuwa kilichotolewa makumbusho, ilhali katika “The Waters of Mars”, sehemu ya mwaka 2009 ya tamthilia hiyohiyo, mwaka 2059 tayari kuna kituo chenye watu Mars. Doctor mwenyewe anaeleza kwamba tukio la yai ndilo lililowarudisha wanadamu angani, na Marekani ilitumia miaka 8 tu tangu Rais Kennedy alipotangaza lengo la kwenda Mwezini mwaka 1961 hadi watu walipotua mwaka 1969. Sehemu hizo mbili zinapatana.

Ninachomwomba mchambuzi wenu ni kufanya utenganisho wa namna hiyo kabla ya kuwacheka wanaohoji, na katika makala ijayo atueleze kuku wa aina gani hutaga siku ileile anayoanguliwa.

Mwalimu wa fizikia,
Njiro, Arusha