Jaruba la mfalme

Seoul, 12 Oktoba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Bibi naye mpe shikamoo yangu, tena umpe kwa sauti kubwa, maana najua sikio lake la kushoto siku hizi linasikia linachotaka. Mimi ni mzima, masomo yanakwenda, baridi haijaanza kuuma. Barua hii naomba isomwe jioni, Bibi akiwa amekaa kwenye mkeka wake, na msomaji awe mdogo wangu. Wewe Mama una haraka, unaruka mistari.

Nimeiandika kwa sababu ya swali la Bibi. Mara ya mwisho tulipoongea kwa simu aliniuliza, "Huko uliko kuna mfalme?" Nikamwambia hapana, kuna rais. Akauliza tena, "Sasa nyumba ya mfalme anakaa nani?" Nikacheka, mtandao ukakatika, tukaishia hapo. Lakini swali likanibakia kama mfupa wa samaki kooni. Mwaka wa pili huu niko Seoul, basi ninalopanda kwenda chuoni linapita mbele ya lango la kasri, na sijawahi kuingia hata siku moja. Nikaona aibu.

Basi tarehe 9 ilikuwa sikukuu ya kuadhimisha herufi zao, tukaenda watatu: mimi, mwenzangu wa darasani Mkorea, na dada mmoja kutoka Uzbekistani. Mkorea akatuambia kwamba ukivaa hanbok, lile vazi lao la jadi, unaingia kasri bure. Mama, unanijua nikisikia neno bure. Tukaenda kukodi. Kumbe kiingilio chenyewe ni won 3,000, chini ya bei ya kikombe cha kahawa hapa mjini, na kukodi vazi kulinigharimu mara kadhaa ya hizo. Sketi yake inafungwa juu kifuani na ndani ina kitu kama tenga, ukikaa inainuka mbele. Nimeweka picha ndani ya bahasha. Msicheke.

Makasri ya wafalme hapa mjini ni matano. Tulianza na kubwa, Gyeongbokgung, lililojengwa 1395, miaka mitatu baada ya ukoo wa Yi kushika utawala. Bibi asidhani ni ghorofa. Ni mji mzima ndani ya ukuta: ua baada ya ua, lango baada ya lango, nyumba za mbao za chini zenye vigae vyeusi, na chini ya mapaa yote rangi ya kijani na nyekundu iliyochorwa maua. Mlima unasimama nyuma ya yote, kiasi kwamba huwezi kupiga picha ya paa bila kuupiga na mlima.

Kwenye ua wa ukumbi mkuu kuna vijiwe vimesimama mistari miwili, kila kimoja kimechongwa cheo. Wenye kalamu walikaa upande wa mashariki, wenye upanga magharibi, na kadiri cheo kinavyoshuka ndivyo unavyosogea mbali na mfalme. Nilicheka, maana ni kamati ya harusi kabisa, ile inayoamua nani akae meza ya mbele na nani apelekwe karibu na jenereta. Ndani kabisa kuna kiti cha enzi, na nyuma yake picha ya jua, mwezi na milima mitano. Picha hiyohiyo imo kwenye noti yao ya won 10,000, nyuma ya sura ya mfalme Sejong, yule ambaye herufi zao zilitangazwa chini yake mwaka 1446. Kwa hiyo mimi nimekuwa nikinunua sabuni na mayai kwa kiti cha enzi cha watu bila kujua.

Huyu Sejong, Bibi, ungempenda. Alitaka nchi ivune zaidi, ila hakukaa na wasomi wake wakatunge maneno. Aliagiza maofisa wa mikoani wakawaulize wakulima wazee wenye uzoefu: mbegu mnaiandaaje, mnapanda lini, udongo huu mnaulimaje. Majibu ya wazee yakakusanywa, na mwaka 1429 kikatoka kitabu cha kilimo. Nimewaza maofisa ugani waliowahi kufika kwetu na makaratasi yao. Hakuna aliyemuuliza Bibi chochote, wote walikuja kumfundisha.

Kasri hilo mnaloliona kwenye picha si lile la 1395. La kwanza liliungua katika vita vya 1592, Wajapani walipovamia, likabaki magofu zaidi ya miaka 270. Katika miaka ya 1860 ndipo baba wa mfalme kijana Gojong, aliyemshikia mwanawe utawala, akalijenga upya. Fedha hazikutosha. Akaongeza kodi, akafyatua na sarafu mpya aliyoipa thamani ya mia wakati madini yaliyomo hayafiki huko hata kwa mbali, na bei ya mchele ikapaa. Nyumba nzuri sana, lakini nilipotembea humo nilikuwa nawaza mama fulani wa wakati ule aliyekwenda sokoni na sarafu zake akarudi na kikapu kitupu.

Nyuma kabisa, karibu na bwawa, ndipo malkia wa Gojong alipouawa na Wajapani alfajiri ya tarehe 8 Oktoba 1895. Sisi tulifika hapo kumbukumbu yake ikiwa imepita jana tu. Miaka kumi na mitano baadaye nchi yote ikawa mkononi mwao. Walibomoa sehemu kubwa ya kasri, na mbele ya ule ukumbi wa kiti cha enzi wakasimamisha jengo la mawe la serikali yao ya kikoloni, likakamilika 1926. Nililikumbuka boma la Mjerumani pale Tukuyu. Ila hili liliwekwa makusudi kumziba mfalme, ili mtu akisimama barabarani asione paa lake. Uhuru ulipokuja lilibaki, likatumika kwa mengi, hata makumbusho ya taifa yalikaa humo, mpaka tarehe 15 Agosti 1995, nusu karne kamili tangu ukoloni uishe, walipoanza kulibomoa. Mwenzangu anasema baba yake alikuwepo siku hiyo, akiwa mmoja wa waliotaka liachwe kama ushahidi, na mpaka leo wakigusia jambo hilo mezani wanagombana na baba mdogo.

Kitu kilichonigusa hapo lakini si kiti wala lango. Ni mabomba ya moshi. Nyuma ya nyumba ya malkia kuna bustani ya ngazingazi, na katikati ya maua yamesimama madohani ya matofali mekundu yenye pembe sita, yamepambwa kwa picha za maua na ndege. Wakorea tangu zamani hawapashi moto hewa ya chumba, wanapasha sakafu: moto unawashwa nje, moshi unapita chini ya mawe ya sakafu, unatokea mbali kwenye dohani. Hata chumba changu cha hosteli ni hivyohivyo, siku hizi ni mabomba ya maji ya moto chini. Mama, wewe unayelia machozi jikoni kila siku, kuna watu walichukua moshi wakaupitisha chini ya ardhi, kisha wakaupambia mlango wa kutokea.

Jana nikaenda peke yangu Changdeokgung. Hili ni la pili, lilianzwa 1405, na wafalme wengi walilipenda kuliko lile kubwa. Naelewa kwa nini. Lile limenyooka kama gwaride, hili limefuata mabonde na vilima jinsi lilivyoyakuta. Nyuma yake kuna bustani waliyoitumia wafalme na watu wao tu. Huwezi kuzurura humo mwenyewe, unakata tiketi nyingine na unakwenda na kundi na kiongozi. Majani yameanza kugeuka, mengine njano ya ndizi mbivu, mengine mekundu kama pilipili iliyoanikwa.

Unakutana kwanza na bwawa la mraba lenye kisiwa cha duara katikati. Ardhi ni mraba, mbingu ni duara, ndivyo walivyohesabu. Juu yake mfalme Jeongjo alijenga maktaba mwaka aliotawazwa, 1776, na lango la kupandia huko linaitwa lango la samaki na maji: mfalme ni maji, watumishi wake ni samaki. Nikakumbuka ziwa letu likichafuka, samaki huwa hana la kufanya.

Mbele kidogo kuna lango la jiwe lililochongwa kwa kipande kimoja, limeandikwa "Lango la kutozeeka". Ukipita chini yake, wanasema, huzeeki. Nilipita. Kisha nikarudi kwa nyuma nikapita tena kwa jina la Bibi, kiongozi akanikazia macho kwa sababu nilikuwa nachelewesha kundi.

Sasa ndipo ninapopataka. Tulipanda, tukashuka, kivuli kikazidi, tukafika penye kijito kinachozunguka kwenye jiwe, mfalme Injo alilichonga mfereji mwaka 1636. Kando yake kuna kibanda. Bibi, baada ya siku mbili za vigae nilikuwa natazama paa la nyasi! Si vigae, si rangi. Kimesimama katikati ya jaruba, na jaruba lina mpunga, na mpunga umeshaiva umeinamisha vichwa. Ni dogo mno, jozi ya ng'ombe wa plau wasingepata pa kugeukia. Lakini lina kingo, lina maji yake ya kijito, lina kila kitu.

Ni jaruba la mfalme. Wafalme walilima humo ili wajue mwaka unakwendaje kwa wakulima. Na wakishavuna, mabua yaleyale ndiyo yanayoezekea kibanda upya, mpaka leo kila mwaka. Wafalme haohao, miaka mingine majira ya kulima yalipofika, walikuwa wakitoka nje ya mji kwenda kwenye madhabahu ya kuombea mavuno, wanashika jembe la ng'ombe mbele ya watu. Najua Bibi atasema, "Mistari mingapi?" Michache. Nami najua kulima kwa mfano na kulima kwa njaa si kitu kimoja. Hata hivyo nilisimama pale kundi likaondoka.

Mama mmoja wa makamo ya Bibi alibaki nami. Nikamwambia kwa Kikorea changu cha kuunga, bibi yangu analima mpunga, Afrika, Tanzania. Akanitazama kama niliyemdanganya. Akavunja punje moja iliyoangukia njiani, akaimenya kwa ukucha, akaiuma kwa meno ya mbele, akatikisa kichwa kwamba bado kidogo. Mama, ni kilekile! Ule ukucha, yale meno, kile kichwa. Nikaonyesha kwa mikono jinsi tunavyopiga na kupepeta kwa ungo, naye akaonyesha yao, tukawa tunapepeta hewa katikati ya bustani ya wafalme mpaka kiongozi akaja kutuchukua.

Kutoka hapo kuna mlango wa kuingilia kasri la jirani, Changgyeonggung, lililojengwa karibu 1484 kwa ajili ya bibi wa mfalme, mama yake na mke wa baba yake mdogo. Sehemu hii mdogo wangu aisome polepole, na kama watoto wa jirani wapo, airuke. Hapo ndipo mwaka 1762 mfalme Yeongjo alipomwamuru mwanawe wa kuzaa, mrithi wake, aingie ndani ya sanduku la kuhifadhia mchele, likafungwa. Kijana alikuwa amechanganyikiwa, alikuwa ameua watu. Alichukua siku nane kufa. Mwanawe mdogo alimlilia babu yake asamehe, na mtoto huyo ndiye Jeongjo, yule wa maktaba. Nilitoka mbele ya mpunga, nikafika mbele ya hilo. Sikupiga picha.

Na bwawa kubwa zuri lililopo hapo, watu wanapopigia mabata picha, zamani lilikuwa majaruba ya mfalme. Wajapani waliyachimba mwaka 1909 wakafanya bwawa la starehe, na kasri lenyewe wakaligeuza bustani ya wanyama, watu walipe kiingilio kuangalia wanyama nyuani mwa malkia. Wanyama waliondolewa miaka ya 1980, kilichobaki ni nyumba nyeupe ya vioo ya kutunzia mimea. Majaruba hayakurudishwa.

Kwa hiyo Bibi, jibu lako: nyumba ya mfalme hakai mtu. Wa mwisho wa ukoo ule walipewa nyumba ndogo isiyopakwa rangi pembeni mwa Changdeokgung, na binti mfalme mmoja, aliyepelekwa Ujapani akiwa msichana na kurudi 1962, alifia humo mwaka 1989. Tangu hapo ni sisi tu, wa kukodi nguo.

Pesa ya magunia nimeituma kwa kaka, mwulize Mama akupe hesabu. Msiuze mpunga wote mwezi huu, subirini bei.

Halafu, Bibi, nina swali langu na mimi. Nilichunguza lile jaruba pande zote. Hakuna kamba ya makopo, hakuna mtoto na kombeo, na shomoro wamejaa juu ya miti. Kule Kyela ungekuwa umeshapiga kelele tangu alfajiri. Sasa ndege wa mfalme anawaamia nani?

Mwanao