Mwimbie, shoga, usimwekee redio

Mwembetanga, Unguja
Jumatatu usiku

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Za Wete, za watoto, za mguu wa Khamis? Huku wazima, alhamdulillah. Mzigo wa Biubwa umefika, Mungu akulipe.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema mama yako, Bi Mkubwa, ikikaribia magharibi anataka kurudi kwao, anang'ang'ania mlango, na kumkosha sasa ni vita. Nyuma ya sauti yako nasikia redio: mtu anauza magodoro, kisha kasida, kisha tangazo jengine. Izime, Zuhura. Leo hii hii.

Uliyoambiwa ni kweli, muziki unawafaa wenye maradhi ya kusahau. Lakini redio ya kutwa nzima si dawa. Bongo lake halichuji tena kama zamani. Tangazo, feni, wajukuu, sufuria, vyote vinamwingia pamoja. Mtu aliyeshinda ndani ya kelele tangu asubuhi, jioni atatafuta mlango. Unaofaa ni muziki wa makusudi, dakika 20 mpaka 30, mara tano kwa wiki, na wewe umekaa naye.

Nyimbo zenyewe kwanza. Zinazoganda zaidi ni zile mtu alizozisikia kati ya miaka 10 na 30 ya umri wake. Ulinambia kazaliwa 1948, basi tafuta za 1958 mpaka 1978. Culture Musical Club, kundi la taarabu la hapa Unguja, imeanzishwa 1958, yeye ndiyo anaingia miaka kumi, anzia hapo. Siti binti Saad mliyemjazia kwenye fleshi alirekodi Bombay mwaka 1928. Hizo ni nyimbo za bibi yako. Huenda akazipenda, ila zisiwe za mwanzo. Na taarabu hii ya sasa ya vinanda haina chochote cha kumkumbusha.

Muulize shangazi wa Mkoani: harusini kwake paliimbwa nini, akitwanga akiimba nini, maulidi wakisoma ya wapi. Zikipatikana nyimbo nane au kumi zinatosha. Muulize na zile zisizofaa kupigwa. Taarabu ina mafumbo, na wimbo ulio utamu kwako kwake pengine ni mke mwenza. Kuna na sauti za kumrudisha mtu 1964, mwaka wa mapinduzi, na yeye sasa hana tena njia ya kujua kwamba hayo yamepita. Nyimbo za unyago zina mizizi mirefu, lakini usizipige mbele ya Khamis. Bi Mkubwa ataona haya, akasirike, na asiweze kukwambia sababu.

Zijaribu mmoja mmoja, mchana, akiwa ameshakula. Usimtazame usoni tu, tazama mkono ulio juu ya goti. Vidole vikianza kugonga, midomo ikamalizia beti, mabega yakashuka, uandike wimbo huo. Akivuta kanga masikioni au akinyanyuka, zima. Machozi peke yake si sababu ya kuzima; mshike mkono, wimbo uishe, kisha umwangalie. Na usimuulize "huu unaukumbuka?" Huo ni mtihani, naye atajiona ameshindwa.

Sasa magharibi. Kama fujo huanza saa kumi na mbili, wewe kaa naye saa kumi na moja na nusu, taa zishawashwa, televisheni imezimwa. Kosa la wengi ni kuanza na wimbo wa kubembeleza. Mtu anayekwenda mbio huku na huku ukimpigia wimbo wa usingizi unamzidishia. Anza na unaokwenda mwendo wake, wa makofi, mtembee pamoja ukumbini. Wa pili upoe kidogo, wa tatu zaidi, wa nne awe ameshakaa. Kibati, ngoma ile ya kwenu Pemba, usiiguse saa hizo, ni mbio mno. Sauti isizidi ya mtu anayezungumza karibu nawe. Ikiadhiniwa zima, muitikie adhana pamoja. Na hilo mwili wake unalijua.

Kukoga ndiko hasa nilikotaka kufika. Simu iache chumbani, uimbe wewe. Kule Sweden, Eva Götell na wenzake waliwachunguza wauguzi wakiwahudumia wagonjwa kama hawa asubuhi: muuguzi akiimba, mgonjwa alionekana kuelewa kinachofanyika, na maelekezo yalihitajika machache. Basi maji ya uvuguvugu yawe tayari, taulo na nguo tayari. Anza kuimba mkiwa bado mmekaa kitandani, si mlangoni mwa choo. Wimbo uwe ule ule kila siku, ndio utakaomwambia wapi mnakwenda. Mfunike kanga mabegani, mpe kopo alishike mwenyewe, anza na miguu, kichwa mwisho. Na usikate wimbo kwa "inua mkono, geuka, simama." Muoneshe kwa mkono wako. Ukisahau maneno, guna tu kwa sauti ya wimbo. Najua utasema huna sauti. Bi Mkubwa hataki ya mwanamuziki, anataka anayoijua.

Nisikudanganye lakini. Uchambuzi wa 2018 wa Cochrane, wataalamu wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, wa majaribio 22, uliona muziki unapunguza huzuni na usumbufu wa tabia kwa jumla. Kwenye hamaki na ukorofi haukuonesha tofauti ya maana. Kumbukumbu haitarudi. Kwa hiyo siku asipotulia usijione umekosea. Na akibadilika ghafla ndani ya siku moja mbili, usiimbe: huenda ni homa, maradhi ya mkojo, au hanywi maji. Mpeleke hospitali.

Nawe pia, Zuhura. Sauti yako ile ilikuwa ya mtu aliyechoka. Dakika hizo 20 hufulii, hupiki, humpi dawa. Umekaa na mama yako.

Nijibu haya: masikio yake yameangaliwa nta lini? Analala mchana, na kwa muda gani? Nani anakupokea usiku, Mwanakhamis bado anakuja? Shangazi ana simu inayoshika? Na ule wimbo aliokuwa akiuimba akipepeta mchele, unaanzaje? Beti la kwanza tu, niandikie.

Mwenzio,
Rukia