Heri ya Krismasi kwa nyie mliobaki bwenini

Krismasi njema jamani na heri ya mwaka mpya kwa wote, mlioko nyumbani Dar, Mwanza, Mombasa, Goma na Bujumbura, na sisi tuliotawanyika huku Marekani kwenye baridi ya kukata masikio. Mungu ametufikisha, tumshukuru. Salamu zangu mwaka huu nazielekeza zaidi kwa wanafunzi, hasa nyie ambao mitihani imeisha, mnayelala naye chumba kimoja kashafuatwa na wazazi wake na gari, bweni limebaki kimya na kantini wamefunga mpaka Januari. Nawawaza sana. Ndo maana leo nataka niwape habari za Walatino, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na vyama vyao vya udugu vyuoni, manake tunaishi nao mtaa mmoja huku New Jersey, tunafanya nao kazi shifti moja, na bado historia yao hatuijui.

Chama chao kikongwe kuliko vyote vilivyo hai ni frateniti (chama cha udugu cha wanafunzi wa kiume) ya Phi Iota Alpha, jina la herufi za Kigiriki, na kilizaliwa tarehe 26 Desemba 1931, yaani kesho yake ya Krismasi kabisa, kwenye chuo cha uhandisi cha Rensselaer pale Troy, mji ulio kando ya mto Hudson, juu kidogo ya Albany. Hebu fikiria huo mwaka, uchumi wa dunia umeanguka, watu wanapanga foleni ya supu, na kurudi kwenu Amerika ya Kusini ni safari ndefu ya meli, alafu vijana wanakaa kikao cha kuunganisha vyama vyao wiki ileile ambayo kila mtu anataka kuwa na mama yake.

Na hawakuanzia pale. Hapohapo Rensselaer kulishakuwa na umoja wa wanafunzi walioongea Kihispania tangu 1898, Unión Hispano Americana, wakiuendesha kwa siri, na mwaka huohuo ndo Marekani na Uhispania walipigana vita vya Cuba na Puerto Rico, kwahiyo swali la sisi ni nani na tunasimama wapi lilikuwa la moto. Kule kusini, chuo cha Louisiana mjini Baton Rouge, wengine walianza na chama chao 1904, kikaja kuitwa Sigma Iota 1912. Chuo cha MIT kule Massachusetts wakawa na chao 1916, Pi Delta Phi, na Berkeley kule California 1919 wakaanzisha Phi Lambda Alpha. Berkeley iko Pasifiki, MIT iko Atlantiki, katikati kuna bara zima, mawasiliano ni barua na treni. Lakini walitafutana mpaka wakapatana!

Hapa ndo mimi nilipoguswa kweli. Mwaka 1921 wale wa Troy, wa MIT na wa Berkeley waliungana wakawa chama kimoja, na jina walilochukua ni la Berkeley, chama kilichokuwa na miaka miwili tu. Wale wa Troy waliotangulia tangu 1898 hawakusema sisi ndo wakubwa, jina letu libaki. Baada ya miaka kumi, walipokutana na Sigma Iota, walichanganya herufi, Phi na Alpha zikatoka upande mmoja, Iota ikatoka upande wa pili, ndo ikazaliwa Phi Iota Alpha, kila mtu akijiona yumo. Na mashujaa waliowafanya nguzo zao hawakutoka nchi moja, ni Bolívar wa Venezuela, San Martín wa Argentina, O'Higgins wa Chile, Juárez wa Mexico na Martí wa Cuba.

Sasa sisi jamani, mji mmoja una vyama vya Watanzania viwili, vya Wakenya sijui vitatu, Wakongo na Warundi kila mmoja na chake, na tunapasukia kwenye nani awe mwenyekiti na nani ashike hela za msiba. Inaniuma kusema kweli.

Safari yao nayo ilikuwa na mabonde. Kufikia miaka ya 70 Phi Iota Alpha ilikuwa imebaki jina, mpaka 1984 vijana walipoifufua palepale Rensselaer. Ila katikati hapo watoto wa wahamiaji walishaanza kuingia vyuoni, na tarehe 1 Desemba 1975, chuo cha Kean hapahapa New Jersey, vijana 14 wa Kilatino walianzisha Lambda Theta Phi, na mwezi huohuo, chuo hichohicho, madada 17 wakaanzisha yao, Lambda Theta Alpha. Tena Desemba! Baada ya hapo moto ukasambaa, chuo cha Cornell 1982, cha Iowa 1986, na kuendelea. Najua frateniti kwa ujumla zina sifa mbaya ya kunywesha watu pombe na kuwatesa wanachama wapya, hilo silitetei hata kidogo na mtu akikutesa ondoka. Mimi nasifu ule moyo wa kumtafuta mwenzako aliyekaa peke yake.

Moyo huo nimeuona kwa majirani zangu Wapuerto Rico. Wikiendi iliyopita walinikaribisha kutengeneza pasteles, chakula chao cha msimu huu. Wanakwangua ndizi mbichi mpaka ziwe uji mzito, wanapaka mafuta mekundu kwenye jani la mgomba, wanaweka uji na nyama ya nguruwe katikati, wanakunja, wanafunga mbilimbili na uzi, kisha wanachemsha kama saa nzima. Mtu wa Bukoba ungejiona uko kwenu. Bibi wa nyumba alikuwa anafunga huku anataja majina, hizi za fulani yuko chuo hajarudi, hizi za rafiki yake, na wengine wala sio ndugu zake.

Kwahiyo tarehe 26 mwaka huu, Boksingi Dei, nyumbani kwangu kutakuwa na pilau, kachumbari, mbuzi na chapati za kutosha kuanzia saa nane mchana. Awe Mtanzania, Mkenya, Mkongo, Mrundi, Mnyarwanda, Mganda, hata asiyejua Kiswahili, mleteni. Wenye magari naomba mseme mnaweza kupitia kampasi gani, na mnaokaa majimbo mengine mwenye nafasi ya kumpokea mwanafunzi aseme leo, tusingoje mpaka tarehe 25 usiku. Viongozi wa vyama vyote nawaombeni mje wenyewe, tukishakula tukae tuongee kuhusu kuwa na mfuko mmoja wa wanafunzi. Na wewe uliyebaki bwenini nitumie meseji hata saa hizi, niambie tu uko chuo gani na kama unakula mbuzi.