YAH: MALALAMIKO KUHUSU HUDUMA YA DHARURA YA SAA 24 KWA MBWA WANGU JIMI

Kimara,
Dar es Salaam.
30 Juni 2025

Meneja,
Kliniki ya Wanyama,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Rejea somo tajwa hapo juu.

Mimi ni mteja wenu tangu Aprili mwaka huu. Usiku wa Jumapili, tarehe 22 Juni, nilimleta kwenu mbwa wangu Jimi, wa miezi minne, akiwa anatapika na kuharisha damu. Nilikaa nje ya geti lenu kwa muda wa karibu saa sita bila kumwona daktari. Jimi amekufa. Naandika kwa sababu bango lenu la "Dharura Saa 24" bado linawaka, na yupo mwingine atakayeliamini kama nilivyoliamini mimi.

Siku ile Jimi aliamka mnyonge. Mchana alikataa ugali na dagaa, chakula ambacho siku nyingine huanza kukibwekea kikiwa bado jikoni. Jioni akaanza kutapika povu la njano. Ilipofika saa 4 usiku alikuwa anaharisha maji yenye damu, yenye harufu ambayo ukishaisikia mara moja huisahau tena. Nilimvuta ngozi ya mgongoni, nikaiachia, ikabaki imesimama hivyohivyo, dalili kwamba mwili umeishiwa maji. Fizi zilikuwa zimepauka. Nikapiga namba iliyo kwenye bango lenu. Dada wa mapokezi akaniambia, "Mlete, daktari yupo."

Daktari hakuwepo.

Nilifika saa 5:40 usiku kwa bajaji, Jimi nimemzungushia khanga ya mke wangu. Mlinzi akasema nimpigie tena yule dada. Safari hii nikaambiwa nitume kwanza shilingi 60,000, ada ya dharura. Nilizituma saa 5:52, na nakala ya ujumbe wa muamala nimeiambatanisha. Baada ya hapo jibu likawa lilelile: daktari yuko njiani. Saa 6:30 yuko njiani. Saa 7:15 yuko njiani. Saa 8 dada akanishauri nimnyweshe maji ya chumvi na sukari. Nilimnywesha kwa kifuniko cha chupa, kidogo kidogo, na kila nilichompa alikirudisha. Mbwa ambaye tumbo lake halibakizi kitu anahitaji maji ya mshipani, na hilo mnalijua kuliko mimi. Kuanzia saa 9 simu haikupokelewa tena.

Naomba sana mlinzi wenu wa usiku ule asiadhibiwe kwa ajili ya barua hii. Ni yeye peke yake aliyenihudumia. Alinipisha kwenye benchi lake, akanimulikia tochi nilipokuwa namfuta Jimi, na saa 11 alfajiri ndiye aliyehangaika kwa jamaa zake mpaka akanipatia namba ya daktari wa mifugo anayezunguka majumbani. Daktari huyo alinikuta nyumbani, amekuja kwa pikipiki. Kipimo cha kinyesi hakikuzidi dakika kumi: parvo, ugonjwa wa kirusi unaoshambulia utumbo wa mbwa. Akanyoa manyoya kidogo kwenye mguu wa mbele, akautafuta mshipa. Mara ya kwanza aliukosa, ya pili akaukosa, kwa jinsi mwili ulivyokuwa umekauka. Ya tatu akaupata, akatundika dripu kwenye nondo ya dirisha, akampa dawa ya kuzuia kutapika na antibiotiki. Mwanangu wa miaka tisa alikaa pale chini kutwa nzima anaangalia matone.

Jimi alikufa Jumatano saa 4 asubuhi.

Sisemi kwamba mlimuua. Dawa za kawaida haziui kirusi cha parvo chenyewe, na watoto wa mbwa hufa hata mikononi mwa madaktari hodari. Lakini wengi wanaowahiwa kwa dripu hupona. Daktari aliniuliza, bila ukali, "Tangu saa 4 usiku ulikuwa wapi naye?" Nilikuwa kwenu. Mngeniambia saa 5:40 kwamba hakuna daktari, ningeondoka na bajaji ileile kwenda kutafuta kwingine. Kilichonifunga pale ni "yuko njiani" yenu, maana nani anaondoka na mgonjwa akiambiwa daktari anakaribia? Nililipia huduma, nikauziwa kusubiri.

Kuna na suala la chanjo. Kadi yake inaonyesha mlimchanja mara ya kwanza tarehe 5 Aprili, akiwa na wiki saba. Chanjo hii hurudiwa kila baada ya wiki 3 hadi 4 mpaka mtoto wa mbwa afikishe angalau wiki 16, kwa kuwa kinga aliyoipata kwa mama yake huweza kuizuia chanjo ya mwanzo isifanye kazi. Nilimrudisha tarehe 3 Mei. Nikaambiwa chanjo imeisha. Kwenye kadi, mahali pa kuandika tarehe ya kurudi, pameandikwa kwa kalamu nyekundu "tutapiga simu". Hamkupiga. Mimi nilipiga mara mbili, nikaambiwa bado. Hakuna aliyenieleza kwamba katika kusubiri huko mbwa wangu hana kinga ya kutegemea.

Jumanne nilikuja kudai fedha yangu. Pale pembeni ya geti alipoharishia Jimi palikuwa pamefagiliwa na kumwagiwa maji tu, na mama mmoja alikuwa amesimama palepale na kitoto cha mbwa kifuani. Nilimwomba asikishushe chini. Kirusi hiki hudumu kwenye udongo miezi mingi na sabuni ya kawaida haikiui. Jiki inakiua. Kliniki ya wanyama kukosa jiki getini, hilo limenishinda kulielewa.

Nataka mnirudishie shilingi 60,000. Nataka wenye watoto wa mbwa wote walioandikiwa "tutapiga simu" wapigiwe wiki hii, hata kama chanjo haijafika, waambiwe waitafute kwingine. Na bango mliwekee daktari wa usiku nyuma yake, au mlizime. Zikipita siku 14 bila majibu ya maandishi, barua hii na viambatanisho vyake nitavipeleka Baraza la Veterinari Tanzania, na suala la bango Tume ya Ushindani.

Fedha irudishwe kwenye namba ileile iliyotuma. Kadi halisi ya chanjo naibakiza nyumbani, nimewaambatanishia nakala.

Wenu,

Mwenye Jimi
(jina kamili na namba ya simu mnavyo kwenye faili lake)