Barua ya wazi kwa Waziri wa Usalama wa Ndani wa Kenya: kabla hujatia sahihi jina la kundi

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Mombasa kuhusu mamlaka uliyo nayo ambayo huku mitaani hatuyazungumzi hadi yatugonge: mamlaka ya kulitangaza kundi kuwa la kigaidi.

Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2012 imeiweka kazi hiyo mikononi mwa watu wawili. Inspekta Jenerali wa Polisi akiwa na sababu za msingi za kuamini kwamba kundi limefanya ugaidi, limeupanga au limeusaidia, anakuletea pendekezo. Ukiridhika, unatoa amri, nayo inachapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Hapo hapajakuwa na kesi, wala shahidi aliyeapishwa, wala jaji. Mahakama huja nyuma, kama kundi lenyewe lina wakili na uwezo wa kuifikia. Na jina likishachapishwa, anayejitambulisha kuwa mwanachama anaweza kufungwa hadi miaka 30.

Sipingi kuwepo kwa mamlaka hayo. Al-Shabaab waliua watu 67 pale Westgate, jengo la maduka jijini Nairobi, Septemba 2013. Mwaka uliofuata wakaja kuua Mpeketoni, kule Lamu. Tarehe 2 Aprili 2015 wakaingia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi, watoto ambao wazazi wao walikuwa wameuza ng'ombe na mashamba ili wafike pale. Kundi kama hilo halisubiriwi mpaka kesi iishe ndipo pesa zake zizuiwe.

Ninachokipinga ni kilichofuata siku tano baadaye. Tarehe 7 Aprili 2015, Inspekta Jenerali wa wakati huo, Joseph Boinnet, alichapisha orodha ya watu na mashirika 86 walioshukiwa kuwa na uhusiano na Al-Shabaab. Humo yalikuwamo mashirika mawili ya kutetea haki ya hapa kwetu, MUHURI na Haki Africa. Kazi yao inajulikana Pwani nzima: kuuliza waliko vijana waliokamatwa na hawakuonekana tena, na kudai uchunguzi wa masheikh waliopigwa risasi barabarani. Ni kazi inayowaudhi polisi, na polisi ndio walioandika orodha.

Sheria inataka kundi lipewe nafasi ya kujieleza kabla pendekezo halijakufikia. Mashirika hayo yalipewa saa 24. Niambie, Mheshimiwa, ni nani awezaye kujibu kwa saa 24 tuhuma ambayo hajaelezwa kiini chake? Hawakuambiwa ni pesa gani zilimfikia nani, wala mfanyakazi gani alikutana na nani. Waliona tu majina yao yamechapishwa, na akaunti zao za benki zikafungwa. Kabla ya mwezi kuisha, maofisa wa kodi walivamia ofisi zao na kubeba kompyuta.

Juni mwaka huo, Jaji Anyara Emukule wa Mahakama Kuu ya Mombasa aliona kwamba hakuna ushahidi wa kuyahusisha mashirika hayo na ugaidi. Hata hivyo akaunti zilibaki zimefungwa mpaka Novemba, pale mahakama ilipoamuru zifunguliwe. Kwa zaidi ya miezi saba hakukuwa na mishahara wala kodi ya nyumba, na mama aliyezoea kwenda pale kuulizia mwanawe hakuwa na pa kwenda. Kama kuna jambo moja ambalo wanaowaandikisha vijana wetu wangelitamani, ni hilo: mlango pekee wa kulalamika kwa amani ufungwe na serikali yenyewe.

Juma lilelile la Aprili orodha ilipochapishwa, kampuni 13 za hawala, yaani za kutumiana pesa, zilisimamishwa. Zilifunguliwa Juni. Sijui kama mnaelewa Nairobi hawala ni nini kwa familia ya Garissa au Mogadishu. Ni unga, ni ada ya shule, ni dawa ya mzee.

Na haikuwa mara ya kwanza. Novemba 2001 Marekani iliifungia Al-Barakaat, kampuni kubwa kuliko zote za kutuma pesa Somalia, kwa madai ya kuifadhili al-Qaeda, na Umoja wa Mataifa ukaiingiza katika orodha yake. Wachunguzi wa Marekani wenyewe walipofuatilia baadaye hawakuweza kuthibitisha madai hayo. Tawi lake la Sweden lilikwenda mahakamani, na tarehe 3 Septemba 2008 mahakama ya Umoja wa Ulaya kule Luxembourg ikatangua uamuzi wa kuzuia mali zake, kwa sababu wahusika hawakuelezwa ushahidi uliowahusu wala kupewa nafasi ya kujitetea. Mwaka mmoja baadaye Baraza la Usalama lilianzisha ofisi huru ya kupokea maombi ya wanaotaka kuondolewa kwenye orodha hiyo. Baraza la Usalama, lenye mamlaka kuliko wizara yoyote duniani, lilikubali kwamba orodha isiyo na mlango wa kutokea haikubaliki.

Najua utakalojibiwa na washauri wako: ukimtahadharisha gaidi, atahamisha pesa usiku huohuo. Hoja hiyo ina uzito, na sitaki kuipita kijuujuu. Lakini kuzuia pesa kwa muda ni jambo moja, na kulichapisha jina la kundi mbele ya nchi nzima ni jambo jingine. Polisi waende kwa jaji faraghani, waombe akaunti izuiwe kwa siku chache zinazotajwa, kisha kundi liitwe, lielezwe tuhuma kwa maandishi na lijibu likiwa na wakili. Pesa hazitakwenda popote. Baada ya hapo ndipo pendekezo likufikie, likiwa na majibu ya kundi ndani yake. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuelezwa kwa maandishi sababu za uamuzi wa serikali unaomuumiza, na sioni mahali kilipowatoa wanaoshukiwa.

Kisha kuna swali la muda. Marekani, ambayo tumeiga mengi kwake katika mambo haya, inamtaka Waziri wake wa Mambo ya Nje alipitie upya kila jina angalau mara moja katika miaka mitano, hata kama kundi halijaomba. Nakuomba uweke utaratibu wa namna hiyo hapa, na matokeo yapelekwe Bungeni. Makundi hufa, hugawanyika, hubadili uongozi. Na mengine, kama tulivyoona, hayakustahili kuwamo tangu mwanzo.

Naomba pia jambo dogo ambalo kwa aliyeguswa ni kubwa. Jina likifutwa, wizara yako ndiyo iiandikie benki, siku hiyohiyo, na tangazo la kufutwa lichapishwe palepale lilipochapishwa la kwanza. Shirika lililoshinda kesi lisiachwe lizunguke na nakala ya hukumu mkononi, likimbembeleza meneja wa tawi aamini.

Hatuombi ulegevu. Sisi wa Pwani tumewazika watu waliouawa na magaidi, na tumewazika watoto wetu waliokwenda kujiunga nao. Tunaomba ukiletewa pendekezo lijalo, kabla ya kalamu kugusa karatasi, umuulize Inspekta Jenerali: hawa wamesema nini walipoulizwa? Kama hana jibu la maandishi, mrudishie faili.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Mombasa