Nyuma ya risiti andika neno

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya kwanza nikicheka, ya pili nimeshika kichwa. Zimebaki wiki tatu upeleke ritani ya kodi, ile taarifa ya mapato yako ya mwaka, na risiti zako, kwa maneno yako mwenyewe, "zipo mama, ziko mahali". Hayo "mahali" nayajua. Nimeishi nayo miaka mingi kabla hayajaniliza.

Ulikuwa mdogo tulipouza nyumba ya kwanza, kwa hiyo hukuona kilichotokea. Kodi ya faida ya mauzo haikatwi kwenye bei yote uliyouzia. Unatoa kwanza bei uliyonunulia, gharama za wakili na za uhamisho, na fedha ulizotumia kuiboresha. Sisi tulikuwa tumeongeza chumba, tumebadilisha paa zima na kuvuta upya nyaya za umeme. Nilikwenda ofisi ya kodi kifua mbele, na boksi la viatu lililojaa risiti kwapani. Ofisa akafunua, akatoa karatasi moja, akaigeuza, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Akanirudishia kwa adabu: "Mama, hii haina kitu." Nikampa ya pili. Haina kitu. Nusu nzima ya boksi ilikuwa karatasi nyeupe pe, na tulizilipia kodi kana kwamba lile paa lilishuka lenyewe kutoka mbinguni. Kilichoniokoa kidogo ni makubaliano na fundi, yaliyoandikwa kwa kalamu ya wino na kutiwa sahihi na watu wawili.

Nilikuja kuelewa baadaye. Risiti nyingi za mashine za dukani hazichapwi kwa wino. Karatasi yenyewe imepakwa kemikali inayogeuka nyeusi ikiguswa na joto, na mashine inachoma herufi tu. Jaribu: chukua risiti mpya, ikwaruze kwa ukucha haraka haraka, utaona mstari mweusi. Kinachoandikwa kirahisi hivyo hufutika kirahisi vilevile. Jua linakifuta, joto linakifuta, mafuta ya vidole yanakifuta, na hata mifuko laini ya plastiki ya kuwekea nyaraka inakifuta. Na mimi nilikuwa nimezipanga vizuri kwenye mifuko hiyohiyo ya plastiki, nikaziweka juu ya kabati, chini ya bati. Nilidhani nazitunza, kumbe nazipika. Usizibandike selotepu juu ya maandishi, na usithubutu kuzipitisha kwenye mashine ya kufunika plastiki, maana ile ina moto. Itatoka nyeusi yote.

Kwa hiyo piga picha siku hiyohiyo, kabla hujavua viatu. Ilaze juu ya meza, simu iwe juu yake moja kwa moja, na ionekane yote: jina la muuzaji, namba yake ya mlipakodi, tarehe, namba ya risiti, jumla. Picha uipe jina linaloanza na mwaka, halafu mwezi, halafu siku, mfano 2025-03-14-fundi-bomba. Ukianza na siku, kompyuta itakuchanganyia tarehe 14 za miezi yote pamoja. Ukianza na mwaka zinajipanga zenyewe. Nakala moja ikae kwenye simu, nyingine mahali pengine pasipoanguka na simu. Karatasi yenyewe bado itunze kwenye bahasha ya karatasi, gizani, mpaka uhakikishe kwamba mamlaka ya kodi ya hapo ulipo inakubali picha peke yake.

Sasa sikiliza hili, ndilo nililokalia kuandika. Nyuma ya kila risiti andika neno. Mawili, matatu, yanatosha.

Unaona ni jambo dogo. Haya, chukua ndoo moja ya rangi. Risiti inasema "rangi, lita 20", basi. Ukipaka kile chumba chenu cha nje mlichompangisha yule kijana, hiyo ni matengenezo ya mali inayoingiza kipato, na katika nchi nyingi unaruhusiwa kuitoa kwenye pango ulilopokea kwa mpangaji mwaka huohuo. Ukipaka chumba mnacholala, ni matumizi yenu ya nyumbani, hairudi popote. Na ukipaka chumba kipya ulichojenga, hapo imeingia kwenye gharama ya kuiboresha nyumba, utaidai siku ya kuuza, pengine miaka 20 ijayo. Ndoo ni moja, duka moja, siku moja, na njia tatu. Karatasi haijui ni ipi. Unayejua ni wewe, na unajua leo tu. Baada ya miezi kumi utakaa mbele ya hiyo risiti ukijiuliza, na mtu akijiuliza mbele ya kodi huelekea jibu linalompendeza. Hapo ndipo watu waaminifu wanapojikuta wamesema uongo.

Kwa hiyo: "chumba cha mpangaji, ukuta wa nyuma". Imekwisha.

Usinijibu kwamba unalipa kwa simu na ujumbe wa malipo unao. Ujumbe unaonyesha fedha imetoka na imekwenda kwa nani. Hausemi imenunua nini. Taarifa ya benki ni hivyohivyo. Omba ankara yenye jina lako. Fundi asiye na mashine mwandikie mwenyewe kwenye kitabu cha stakabadhi, aweke jina, kazi aliyofanya, tarehe na sahihi, kabla hujamkabidhi salio. Huko si kumdharau mtu. Wenye kazi yao hawakasiriki.

Na acha kuhangaika na matumizi peke yake. Watu wanafukuza risiti, wanasahau mapato. Zile kazi zako za jioni za kutafsiri, je, kuna mteja aliyekukata kodi ya zuio, yaani kodi inayokatwa kabla hujalipwa? Kama yupo, mdai cheti chake mwezi huohuo, kwa sababu usipokuwa nacho utashindwa kuonyesha kwamba kodi ile ilishakatwa, na unaweza kuilipa mara ya pili. Riba ya akiba nayo ni mapato, hata ikiwa ndogo. Hati za mshahara weka zote, ukilinganisha jumla yake na ile karatasi ya mwaka anayotoa mwajiri. Mimi niliwahi kukuta mwezi mzima haumo.

Kuhusu kupanga sina mengi. Bahasha 12, moja kila mwezi. Usigawe kwa aina ya matumizi mwanzoni, utachoka mwezi wa pili. Mwezi unajulikana hata ukiwa na usingizi. Kila mwisho wa mwezi nusu saa na daftari: tarehe, nani, kwa ajili ya nini, kiasi gani. Ila angalia mwaka wako wa kodi unaanza lini. Kenya unakwenda na kalenda, Januari hadi Desemba. Uganda ni Julai hadi Juni. Uingereza wanaanza tarehe 6 Aprili, wenyewe wana kisa chao cha kubadilisha kalenda mwaka 1752. Bahasha zifuate mwaka huo, la sivyo utakuwa na nusu mbili za miaka miwili.

Pembeni ya bahasha weka faili moja nene la nyumba. Hilo halihesabiwi kwa mwaka. Mkataba wa kununua, ankara za ujenzi, karatasi za wakili, vyote vinakaa humo muda wote mtakaoimiliki nyumba, na baada ya kuuza vinaendelea kukaa kwa muda ambao sheria inataka. Muda huo unatofautiana. Kenya ni miaka 5. Marekani kwa kawaida ni mitatu tangu kupeleka ritani, na inakuwa sita kama umeacha kutaja mapato yanayozidi asilimia 25 ya uliyotaja. Uingereza aliyejiajiri hutunza miaka 5 baada ya 31 Januari, tarehe ya mwisho ya kupeleka ritani ya mwaka huo. Angalia kwamba hawahesabu tangu siku uliyonunua. Ndiyo maana watu wanatupa mapema.

Mumeo naye awe na daftari lake, au muwe na moja, mimi sichagui. Lakini kama kuna gharama ambayo sheria inaruhusu kuipunguza, mkubaliane mapema ni nani ataidai. Mkiidai wote wawili, mtaitwa wote wawili.

Baba yako alikuwa na ugonjwa wa upande wa pili: alitunza hata risiti ya betri za saa ya ukutani. Ukifungua faili lake kutafuta hati ya ardhi unapita kwanza kwenye betri za miaka tisa. Vitu vya kutumia nyumbani visivyo na dhamana wala nafuu ya kodi, tazama, tupa. Vyenye namba yako ya mlipakodi vichane kwanza.

Ya mwaka huu tutayamaliza pamoja. Jumamosi lete hilo boksi kama lilivyo. Usianze kupanga, utachanganya hata zile ambazo zimekaa kwa bahati. Zilizofifia usitupe, zikipigwa picha kwa mwanga wa kutoka ubavuni, kisha ukaongeza weusi kwenye simu, mara nyingine tarehe na jumla zinajitokeza. Pakua pia taarifa za benki za mwaka mzima, tuzilinganishe mstari kwa mstari. Na uje na kalamu yako, maana za humu ndani kila mjukuu anayeingia anatoka na moja.

Mama yako