YAH: MALALAMIKO KUHUSU UPASUAJI WA NGIRI WA SUNGURA WANGU

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 4 Machi mlimhasi sungura wangu, Karanga, dume la miaka miwili. Mwezi Mei kinena kikavimba, akawa anakojoa matone matone. Daktari wenu mwenyewe alinionyesha kwenye utrasaundi kibofu cha mkojo kilivyoshukia kwenye ngozi ya korodani, yaani ngiri. Mifereji ya kinena ya sungura, yaani njia zinazopitisha korodani kutoka tumboni, hubaki wazi maisha yake yote, hivyo anayemhasi hutakiwa kuiziba. Nilipouliza kama ilizibwa, nikajibiwa, "Mbwa huwa hatuwazibi." Mimi sikuwaletea mbwa.

Hilo ningelisamehe. Kilichoniudhi zaidi ni upasuaji wa pili, wa kurekebisha ngiri hiyo, tarehe 19 Mei. Mapokezi waliniagiza asile chochote tangu saa mbili usiku. Mbwa na paka hunyimwa chakula wasije wakatapika wakiwa kwenye nusu kaputi, lakini sungura hana uwezo wa kutapika! Utumbo wake hutaka majani muda wote. Asipokula, utumbo husimama, gesi hujaa, na mnyama anaweza kufa hata kama ameshonwa vizuri. Daktari naye akachelewa, Karanga akakaa na njaa saa kumi na tano.

Mkamrudisha nyumbani bila dawa ya maumivu, na shingoni kola ya plastiki iliyomzuia kula kile choo chake laini, ambacho kwake ni chakula. (Jirani yangu alicheka sana niliposimulia hili, lakini ninyi mlipaswa kulijua.) Siku mbili hakula wala hakupata choo. Nilipiga simu mara sita; jibu lilikuwa "mpe maji." Aliyemwokoa ni daktari wa kliniki nyingine, kwa dawa ya maumivu na uji wa nyasi kavu niliomlisha kwa bomba la sindano, usiku na mchana.

Mshono wenyewe, nakiri, ulikuwa safi na umepona.

Naomba mnirudishie shilingi 220,000 za upasuaji wa pili, kwa kuwa ulitokana na kosa la ule wa kwanza, pamoja na shilingi 95,000 nilizolipa kwingine. Karatasi yenu ya maelekezo nayo itenganishe sungura na mbwa. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitalifikisha suala hili Baraza la Veterinari.

Nakala za risiti zimeambatishwa.

Wenu,
Mwenye Karanga